Mwanamke wa Pasi wa Sura ya Tisa

Barcelona, 10 Februari 1889

Ate Lalya, dada yangu mpendwa,

Ningekuwa hapo nyumbani ningeuchukua mkono wako na kuuweka kwenye paji la uso wangu kabla ya kusema lolote. Kwa kuwa niko mbali, ipokee heshima hiyo kwa karatasi, na mkono wa mama yetu Inang vilevile. Mwambie mwanawe ni mzima na anakula, ingawa samaki wa huku wanapikwa bila hata chembe ya tangawizi.

Kifua cha Inang kinaendeleaje? Na yule nyati niliyemwacha akichechemea? Maestro Liborio bado anafundisha watoto chini ya lile paa linalovuja? Hapa baridi imenipasua midomo. Tunaishi vijana wanne wa kwetu katika vyumba viwili, na jioni tunakwenda mkahawani, kila mtu na kikombe chake kimoja, mpaka mwenye mkahawa anaanza kukohoa kwa makusudi.

Sasa jambo lenyewe. Kitabu kimetoka. Kiko chini kabisa ya sanduku analokuletea Kulas, mpishi wa meli, chini ya vitambaa. Jina langu halimo, nimetumia la kubuni, na huko kwetu mtu pekee anayejua ni Maestro Liborio. Yeye ndiye aliyenifundisha Kihispania kwa kificho, wakati padri alisema lugha hiyo haimfai mtoto wa mpanda mpunga. Mpelekee akusomee polepole na kukutafsiria. Nimeyaweka yote humo: mashamba ya watawa ambayo mipaka yake husogea kila baada ya mvua, baba zetu wanaochukuliwa kujenga barabara huku mpunga wao ukioza, askari wanaomfunga mtu kwa sababu hakuvua kofia. Nimeyaandika ili Wahispania wenyewe wayasome kwa lugha yao na waone haya.

Sura ya tisa haina uzito. Ni mzaha tu wa kumpumzisha msomaji. Mwambie Maestro airuke.

Mdogo wako anayekuheshimu,
Telesforo


San Gervasio, 2 Aprili 1889

Utoy,

Mungu akubariki, mdogo wangu. Inang ameupokea mkono wako na amesema upake midomo mafuta ya nazi, kana kwamba nazi zinaota Barcelona. Kifua chake kinambana asubuhi tu. Nyati bado anachechemea, lakini anafanya kazi, tofauti na watu fulani wenye miguu mizima. Watoto wa jirani wana surua. Aling Kikay amejifungua msichana wa sita na mumewe hasemi na mtu.

Sanduku lilifika Machi ishirini. Vitambaa ni vizuri, asante.

Kwa Maestro sikukipeleka kitabu. Nimekifungua mwenyewe. Unashangaa? Miaka saba sasa, kila Jumamosi nasimama kwenye meza ya pasi katika nyumba ya padri, na mlango wa chumba cha kulia huwa wazi. Wageni wake huzungumza Kihispania mbele yangu kama mtu anavyozungumza mbele ya kabati. Basi kabati limesikia. Herufi nilizijua tangu zamani kwenye kitabu cha sala. Kwa hiyo nasoma, ingawa kidole lazima kifuate mstari na maneno mengine nayarudia mara tatu.

Uliposema sura ya tisa irukwe, nilianzia hapo.

Umeandika vizuri. Yule mwanamke anayepiga pasi nguo za padri namwona kabisa, na makaa yake, na jani la mgomba analosugulia pasi ili iteleze. Nina swali moja tu. Kila mtu kitabuni umempa jina, hata mbwa wa padri ana jina. Yeye kwa nini hukumpa?

Jihadhari na baridi.

Dada yako,
Eulalia


San Gervasio, 28 Aprili 1889

Telesforo,

Inang hajambo. Mvua za kwanza bado.

Nakuandikia kabla jibu lako halijafika, kwa kuwa ni afadhali uyasikie kwangu kuliko kwa mabaharia.

Jumapili ya Matawi, baada ya injili, Padri Hermogenes alipanda mimbarani na kitabu mkononi. Kilikuwa chako, nililijua jalada. Alisema kuna mtu aliyekula wali wa mji huu akanenepa, kisha akaenda Ulaya kuandika kwamba watawa wanawadharau watu wa hapa. "Sasa sikilizeni," akasema, "muone ni nani anayewadharau." Akafungua sura ya tisa na kuisoma kwa lugha yetu. Yule yule ambaye miaka yote amesema Kitagalog hakiwezi kubeba mambo ya kitabu, siku hiyo alikibebesha sura nzima na hakukwama kwa neno hata moja.

Alisoma jinsi mwanamke yule anavyovaa blauzi yake ya nyuzi za nanasi kwenda kupiga pasi, utadhani anakwenda harusini. Alisoma anavyoubusu mkono wa padri juu, akaugeuza, akaubusu na chini. Alisoma anavyobaki peke yake chumbani, akainua mkono wa kanzu, kanzu tupu isiyo na mtu ndani, akaubusu nao ili afanye mazoezi.

Watu walicheka. Walianza wanaume wa nyuma, halafu benchi la wanawake likafuata. Nilikuwa nimevaa ile blauzi. Inang, ambaye unajua hasikii sawasawa, alinivuta mkono.

"Wanacheka nini?"

"Kuna mwanamke mpumbavu kitabuni, Inang."

Naye akacheka, maana hapendi kuachwa nyuma.

Padri hakutaja jina. Hakuwa na haja. Vichwa viligeuka vyenyewe kuelekea benchi letu, na mimi nilitazama ukingo wa sketi yangu mpaka misa ilipokwisha. Sijawahi kujua misa ni ndefu kiasi hicho.

Jumamosi Kuu, moto mpya wa Pasaka ulipowashwa mbele ya kanisa, kitabu kilitiwa humo. Kilichelewa kushika, karatasi ya Ulaya ni nzito. Alasiri nilikwenda kupiga pasi kama kawaida.

Hayo ndiyo ya kwetu.

Eulalia


Barcelona, 14 Mei 1889

Ate Lalya mpendwa,

Naushika mkono wako na kuuweka kwenye paji la uso wangu, na safari hii nakupa na pongezi. Dada yangu anasoma Kihispania! Nimewasimulia jamaa zangu mkahawani na wamegonga meza. Nimepokea barua yako ya tarehe mbili Aprili kwa furaha isiyo kifani. Inang nimemsikia: mafuta ya nazi hakuna, napaka ya kondoo, nanuka kama zizi.

Umeniuliza swali zuri sana. Mwanamke yule hana jina kwa kuwa si mtu mmoja, Ate. Ni nchi yetu nzima, imeinama juu ya nguo za bwana wake na kuzinyoosha mikunjo. Ndivyo waandishi wanavyofanya. Ukiona mahali panafanana na kitu unachokijua, ujue mwandishi hukusanya kidogo huku na kidogo kule, kama wewe unavyookota mboga. Basi usijitie humo, wewe si yeye.

Mambo yananiendea vizuri kupita nilivyotarajia. Gazeti moja la Madrid limenitukana safu mbili nzima, tukanunua nakala sita. Linasema mwandishi ni nyoka aliyelelewa na watawa. Jamaa wote wanasema sura ya tisa ndiyo tamu kuliko zote, na ndiyo wanayotaka isomwe kila anapokuja mgeni.

Niandikie kitabu kimepokelewaje kwetu. Maestro amesema nini? Nina hamu ya kujua kama watu wetu wamejiona.

Mdogo wako,
Telesforo


Barcelona, 9 Juni 1889

Ate,

Barua yako ya Aprili imefika jana. Niliisoma nimesimama, kisha nikakaa, kisha nikaisoma tena. Najua kwamba sasa hivi, au wiki hii, wewe unasoma ile niliyokuandikia Mei, ile ya nchi nzima na mikunjo. Ningekuwa na uwezo wa kuifukuza ile meli kwa mashua ningeifukuza. Tafadhali ichome.

Nimeona pia kwamba safari hii hukuniita Utoy wala hukunibariki. Nilitafuta hata nyuma ya karatasi.

Nimefedheheka, Ate. Sina zaidi ya kusema kuhusu hilo kwa sasa, nisamehe, sijapata maneno. Lakini kuna jambo moja ambalo nina maneno yake. Ni nani aliyempa padri kitabu? Humo sandukuni kilikuwa kimoja. Mtu pekee aliyejua kwamba mimi ndiye niliyekiandika ni Maestro Liborio. Padri ndiye mkaguzi wa shule yake, ndiye anayemweka na ndiye anayeweza kumtoa. Mtu mwenye njaa hununuliwa kwa wali. Lazima alikuja nyumbani, akakiona, akakichukua, nawe kwa wema wako unamficha. Wala hujasema ni nani aliyekitia motoni. Ni yeye?

Nimewaandikia jamaa zetu wa Manila wajihadhari naye. Na toleo la pili linakwenda kwa mchapaji mwaka huu. Nimeshaandika sura mpya, ya mwalimu wa kijiji aliyewauza wanafunzi wake. Huyu nimempa jina, na yeyote wa San Gervasio atamjua kwa paa lake linalovuja.

Niandikie upesi.

Telesforo


San Gervasio, 20 Julai 1889

Telesforo,

Inang hajambo. Mvua zimeanza. Hizo ndizo salamu, leo sina nyingine.

Nilikuwa nimeamua kwamba hili nitakufa nalo. Lakini umeshika kalamu na unataka kumzika mtu ambaye hana kosa, kwa hiyo nisikilize.

Maestro Liborio hajawahi kukigusa kitabu chako. Mimi ndiye niliyempelekea padri.

Unajua desturi ya hapa. Kabla ya Pasaka kila mtu lazima aungame na apewe kile kikaratasi, na asiye nacho huitwa kueleza. Nilikwenda wiki ya nne ya Kwaresima. Nilipiga magoti nikasema nina dhambi ya hasira. Akauliza hasira kwa nani. Nikasema kwa mdogo wangu. Akauliza amefanya nini, nami nikamwambia. Sikwenda kukushtaki, Utoy. Nilitaka mtu mmoja duniani ajue kwamba nimeumizwa. Ningemwambia nani? Inang? Aling Kikay, ambaye angelitangaza sokoni? Katika mji huu mtu ninayeruhusiwa kumfungulia moyo ni mmoja tu, naye ndiye huyo huyo uliyeandika habari zake. Fikiria hilo, liweke kitabuni ukitaka.

Malipizi aliyonipa yalikuwa kukileta kitabu. Nilikaa nacho siku tatu zaidi na kukisoma chote mpaka mwisho. Kisha Jumamosi nikakipeleka, nimekifunga ndani ya vitambaa vya altare nilivyokuwa nimevipiga pasi. Sikujua atakisoma mimbarani. Hilo naapa. Lakini siku ya moto alinipa kitabu mkononi mbele ya watu wote, akangoja, na mimi nikakitupa. Nilikuandikia kwamba "kitabu kilitiwa humo". Sikusema kwa mkono wa nani, na kila nikikumbuka sentensi ile nataka kujificha chini ya nyumba pamoja na kuku.

Sasa lililobaki. Ile barua yako ya nchi nzima na mikunjo nimeipokea. Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Mimi si nchi. Mimi ni Lalya.

Na nikufundishe kitu, kwa kuwa hukuwahi kupiga pasi maishani mwako. Nguo iliyotiwa wanga inataka unyevu wa kadiri. Ikiwa mbichi inagandamana na pasi, ikikauka inaungua. Mtu huipima kwa kidole. Vidole vyangu vimezoea makaa, tangu zamani havisikii unyevu. Mdomo ndio unaosikia. Kwa hiyo niliugusa ule mkono wa kanzu kwa mdomo, na kola, na pindo, kila Jumamosi, kila nguo. Ulikuwa umesimama dirishani siku hiyo. Nilikuona. Ulikuwa umekuja kuchukua ile karatasi ya tabia njema, ambayo bila sahihi ya padri usingekubaliwa kupanda meli. Miaka miwili aliniambia "Jumamosi ijayo". Blauzi nzuri niliivaa kwa sababu katika nyumba ile mwanamke aliyevaa matambara huingizwa jikoni, na jikoni hakuna wa kumkumbusha karatasi.

Mtoe Maestro kitabuni. Kama ni kumchukia mtu, nichukie mimi.

Eulalia


Barcelona, 2 Septemba 1889

Ate,

Sijui kama bado nina haki ya kuuomba mkono wako, kwa hiyo siuombi.

Nimeshindwa kuandika kwa siku tisa. Kila nikianza, sentensi inajipamba, nami sasa nazichukia sentensi zangu zikijipamba. Nitaeleza kavu kavu.

Ya kupima kwa mdomo sikuyajua. Hilo ni kweli, ingawa halinisaidii. Lakini karatasi nilijua ilitoka wapi. Nilijua siku ile dirishani kwamba umesimama pale kwa ajili yangu. Niliipokea, nikaikunja, nikaiweka mfukoni, na nikatoka bila kuingia kukusalimu, kwa sababu wenzangu wawili walikuwa wananisubiri barabarani na sikutaka wajue kwamba mpiga pasi wa padri ni dada yangu, kana kwamba mji mzima haukujua.

Mwezi wa pili baada ya kufika huku, mtoto wa tajiri mmoja wa Manila aliniuliza mbele ya meza nzima baba yangu ana mashamba mangapi. Wote walinigeukia. Sikuweza kusema hatuna hata moja, kwamba tunalima ya watawa. Nikawasimulia badala yake kichekesho cha mwanamke wa mji wetu anayebusu kanzu tupu. Walicheka mpaka mmoja akamwaga kahawa. Tangu siku hiyo nikawa mtu wa kualikwa. Waliniomba niirudie, na kila nilipoirudia niliongeza chumvi. Kugeuza mkono na kuubusu chini, hilo niliongeza wakati wa Krismasi. Blauzi niliiongeza mwaka uliofuata. Nilipoanza kuandika, sura hiyo ilikuwa imeshaandikwa na kicheko chao, mimi nilinakili tu.

Sikuwahi kuwaambia ni dada yangu. Hata siku ile nilipoisoma barua yako, mmoja aliniuliza kwa nini nimepauka, nikasema ni tumbo.

Nimeandika kurasa mia tatu kuwaaibisha watawa, na aliyeaibika ni wewe peke yako. Padri hakuhitaji hata kubuni kitu. Nilimwandalia kila kitu mezani, yeye akala.

Maestro nimemtoa. Wale wa Manila nimewaandikia tena kwamba nilikosea, lakini barua ya kwanza ilitangulia kwa wiki nyingi na sijui imefanya nini huko. Sura ya tisa naiondoa. Mchapaji amenipa hadi mwisho wa mwaka. Niambie neno moja tu, nami nitaichana mbele yake.

Telesforo


San Gervasio, 20 Oktoba 1889

Utoy,

Inang ana kikohozi, lakini ulimi wake ni mzima. Ziwa limepanda mpaka ngazi ya pili ya nyumba ya Aling Kikay, na wale wasichana sita wanavua samaki mlangoni. Mpunga wa mapema tunaanza kuuvuna wiki ijayo. Nyati amekufa. Alikufa taratibu, alasiri, baada ya kazi, kama mtu mwenye adabu.

Barua yako ya Manila ilifanya hivi. Mwanzoni mwa Agosti Maestro Liborio alikuja kwetu, kofia mkononi. Wazazi wawili walikuwa wamewatoa watoto wao shuleni, na kijana mmoja aliyerudi kutoka Manila alimtemea mate njiani.

"Lalya," akaniuliza, "nimewakosea nini watoto niliowafundisha?"

Nilimwambia pale pale, yote, kuanzia sanduku la Kulas mpaka motoni. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Kumbe unasoma Kihispania," akavaa kofia, akaondoka. Maji ya tangawizi niliyomtengea hakuyagusa. Nililia kuliko siku ya Matawi, kwa sababu siku ya Matawi nilikuwa na mtu wa kumlaumu.

Kumwambia yeye peke yake hakukutosha. Wiki hiyo tulikuwa matopeni tunapandikiza mpunga, wanawake kumi na wawili kwenye mstari, migongo imeinama. Nikasema kwa sauti, bila kuinua kichwa, kwamba Maestro hana kosa na aliyempelekea padri kitabu ni mimi. Mstari ulisimama.

"Wewe?" akasema Aling Kikay.

"Mimi."

"Na sisi tumemnunia mzee wa watu wiki tatu. Mimi nimemnyima hata moto wa kuwashia sigara."

"Najua."

"Na yule mwanamke wa kanzu ni wewe pia," akasema mwingine, "au hilo nalo tumsingizie Maestro?"

Wakacheka.

"Ni mimi pia," nikasema.

Aling Kikay alinyoosha mgongo. "Ulikisoma chote kabla ya kukichoma?"

"Chote."

"Basi malipizi yako haya hapa, na haya ni yetu. Padri alitusomea kipande alichokipenda yeye. Wewe utatusimulia vilivyobaki. Na usiruke kitu."

Kwa hiyo nimekuwa nikiwasimulia, Utoy, kila siku ya kazi, kadiri ninavyokumbuka. Pale ambapo mzee anatoka kwenye kazi ya barabara na kukuta mpunga wake umeoza, tulipanda mstari mzima mpaka mwisho wa shamba bila kuinua vichwa. Ya mipaka inayosogea walinisahihisha, wakasema umeandika kidogo, wanayajua makubwa kuliko hayo. Sura ya tisa niliiacha ya mwisho. Niliisimulia kama ulivyoiandika, na blauzi, na kila kitu. Walicheka tena, niliwaacha wacheke. Kisha nikachukua pindo langu lililolowa, nikaligusisha mdomoni, nikawauliza ni nani kati yao hapimi hivyo. Wote hupima hivyo. Aling Kikay anawapigia pasi askari wa kituoni.

"Nimecheka mara mbili," akasema, akainama kupanda.

Tangu Agosti siendi Jumamosi. Wanasema kola za padri sasa zinalegea kama masikio ya mbwa wake. Msimamizi wa mashamba ya watawa amepita kutuambia kwamba baada ya mavuno shamba letu atapewa mtu mwingine. Naogopa, sitakudanganya. Lakini nimeshapiga pasi vya kutosha kwa ajili ya ardhi ile na kwa ajili yako, na sitarudi.

Sasa sikiliza, maana umeomba neno moja nami nina mengi. Sura ya tisa usiiondoe. Ukiiondoa itakuwa kama mimi sikuwahi kusimama kwenye meza ile, na wewe utakuwa umejisamehe mapema mno. Iache na kicheko chake chote. Kisha andika yaliyofuata: kidole kisichosikia unyevu, ile "Jumamosi ijayo", kijana aliyesimama dirishani akachukua karatasi na kuondoka bila kusalimu. Andika na mkahawa. Andika na mwanamke anayepiga magoti na kutaja asichopaswa kutaja. Mimi usinipe jina, tuko wengi. Lakini kijana wa dirishani mpe. Mpe lako.

Inang bado anauliza yule mwanamke mpumbavu wa kitabuni aliishia wapi. Ameuliza tena jana, akila. Anasema alimpenda, alikuwa anajua kuvaa. Nimemwambia kwamba mwandishi bado anaandika. Usinifanye mwongo mbele ya mama yangu.

Mkono wangu huu hapa, ulete uso wako. Mungu akubariki.

Ate Lalya